Nani Alipe? Historia ya Leseni ya Televisheni katika Uingereza

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: leseni, ada, sheria. Leo tutayatumia sana.

Tutajifunza jinsi watu wa Uingereza walivyolipia redio na televisheni tangu mwaka 1922, na kwa nini intaneti imeyatia malipo hayo katika ubishi.

Mwaka 1922 BBC iliundwa London, ikiwa kampuni. Mara likazuka swali: gharama zitalipwa na nani? Mwenye kuuza mikate hana taabu, maana asiyelipa hapewi mkate. Lakini sauti ya redio huenea hewani; aliyelipa na asiyelipa husikia sawasawa. Basi serikali ikaamuru kila mwenye mashine ya redio akate leseni posta kwa shilingi 10 za Kiingereza kwa mwaka. Sehemu ya fedha hizo ilipewa BBC. Haba na haba hujaza kibaba: BBC iliweza kufanya kazi bila kutangaza bidhaa za wafanyabiashara. Mwaka 1927 ikaacha kuwa kampuni, ikawa shirika la umma chini ya Hati ya Mfalme.

Angalieni vizuri jambo hili. Leseni haikuhesabu masikio ya mtu, wala saa alizosikiliza. Iliangalia mashine tu. Ukiwa na mashine, unalipa.

Kisha mashine zikabadilika. BBC ilianza matangazo ya televisheni Novemba 1936, ikayasimamisha mwaka 1939 kwa sababu ya vita, ikayarudisha Juni 1946. Ndipo ikaanzishwa leseni ya redio na televisheni pamoja, kwa pauni 2. Januari 1968 wenye televisheni za rangi walitakiwa kuongeza pauni 5. Mwaka 1971 leseni ya redio peke yake ilifutwa. Tangu hapo mwenye redio tu hakulipa kitu; mwenye televisheni alimlipia.

Sasa tufike katika siku za intaneti. Desemba 2007 BBC ilifungua iPlayer, yaani mahali katika intaneti ambapo mtu huchagua kipindi na kukitazama wakati wowote apendao. Sheria ya wakati ule ilisema leseni ni ya anayetazama kipindi wakati kinapotangazwa. Tuseme majirani wawili wanapenda mchezo mmoja. Wa kwanza anautazama saa mbili usiku, wakati unapotangazwa. Huyu lazima awe na leseni. Wa pili anangoja saa tatu, kisha anautazama katika iPlayer. Huyu hadaiwi chochote. Mchezo ni ule ule, na gharama ya kuutengeneza ni ile ile. Wengi waliona si haki. Basi tarehe 1 Septemba 2016 sheria ilibadilishwa, na kila atazamaye vipindi vya BBC katika iPlayer akatakiwa kuwa na leseni.

Lakini mjadala haukwisha. Nyumba nyingi zimegeukia huduma nyingine za intaneti, kama Netflix, ambazo hutoza ada zao wenyewe. Anayetazama filamu za huko tu, wala hatazami matangazo ya moja kwa moja, hahitaji leseni. Kwa kuwa Hati ya BBC iliyoanza 2017 mwisho wake ni Desemba 2027, yalizuka mapendekezo mengi, na moja ni kuwatoza leseni watu hao pia.

Wanaokubali husema kwamba habari za kweli na masomo ya watoto ni faida ya wote, kama barabara na visima. Wanaokataa hujibu: “Kwa nini nilipie nisichokitazama?” Tena, ada hii ni moja kwa tajiri na maskini. Tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na asiyekuwa na leseni aliweza kutozwa faini hadi pauni 1,000. Ujerumani ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 2013 kila nyumba hulipa, iwe na televisheni au isiwe nayo.

Labda mtauliza, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957. Kwa miaka mingi ililipiwa na serikali ya Uingereza. Tangu Aprili 2014 mzigo mkubwa uliwekwa juu ya fedha za leseni, ingawa baadaye serikali iliongeza msaada. Kwa hiyo mama mwenye televisheni mjini London alisaidia kulipia habari zilizosikiwa Tabora na Mombasa. Na fedha zikipungua, idhaa za mbali huumia. Januari 2023 redio ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza mwaka 1938, ilinyamaza kwa sababu ya upungufu wa fedha.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Kwa nini kulipisha redio ni kugumu kuliko kulipisha mkate?
2. Sheria ya mwaka 2016 ilibadili nini?
3. Habari mnazozitegemea hapa kwenu hulipiwa na nani? Je, mlipaji huyo aweza kuzinyamazisha?