Mwenge wa Uhuru: Kutoka Kibo Hadi Mbagala

Waroma wa kale walizijengea fadhila nyumba. Tumaini, kwao Spes, alipata hekalu kwa nadhiri ya jemadari Aulus Atilius Calatinus wakati wa vita na Carthage. Mwaka 208 KK jemadari Marcellus alitaka kuwaweka miungu Heshima na Ushujaa chumba kimoja cha hekalu, makuhani wakamkatalia: radi ikipiga, itajulikanaje ni yupi wa kutulizwa kwa sadaka? Ikabidi chumba cha pili kijengwe.

Sisi Watanzania tulizibeba fadhila tatu kwa mpini mmoja wa Mwenge, na hakuna kuhani aliyenung'unika. Oktoba 1959, Mwalimu Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kuwa Watanganyika wangependa kuwasha taa juu ya Kilimanjaro, imulike hadi nje ya mipaka, ilete tumaini, upendo na heshima. Usiku wa kuamkia siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha mwenge kilele cha Kibo pamoja na bendera mpya. Mbio za kuuzungusha Mwenge nchini zilianza 1964 chini ya vijana wa chama cha TANU. Mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992, zikahamia serikalini. Siku hizi kilele chake ni 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu. Mwaka 2024 zilitimiza miaka 60.

Wapo wanaouita Mwenge ibada ya moto. Sikubaliani nao: sijaona mtu anayeuomba Mwenge mvua wala mtoto. Wanaolalamikia gharama ndio wenye hoja, hasa pale mchango wa hiari unapodaiwa kama kodi.

Mwenge ukifika wilaya ya Temeke, wakazi wa Mbagala hujitokeza. Wanafunzi hupangwa kando ya barabara, bodaboda hupiga honi, na usiku kuna mkesha wa ngoma na bongofleva. Lakini kazi yenyewe iko kwenye miradi ya maendeleo ambayo mbio hukagua na kuzindua. Kiongozi wa mbio huomba nyaraka, hupima ukuta, hugonga mlango wa darasa asikie kama ni mbao kweli. Kuna miradi iliyokataliwa kuzinduliwa hadharani, mhandisi akibaki ameshika faili. Kwangu mimi, hapo ndipo heshima inapopata mwili, kuliko kwenye hotuba zote za siku hiyo.

Mkazi wa Mbagala, Mwenge ukipita kwenu usiishie kupiga picha. Soma kibao cha mradi wa maji, uliza umegharimu kiasi gani, kisha rudi baada ya miezi sita uone kama maji bado yanatoka.