Kiwanja cha Hawaii

Riwaya yangu imekwama sura ya tatu. Shujaa ametajirika, anataka kununua kiwanja Hawaii, nami sijui ardhi ya huko hununuliwaje. Basi nikaanza kusoma historia, shujaa nikamsahau.

Kisiwa anachokitaka, kile kikubwa kuliko vyote, ni cha ajabu. Mjini Hilo, mashariki, mvua hupita milimita 3,000 kwa mwaka. Ukivuka pwani ya magharibi unakuta ukame na miamba myeusi. Kileleni Mauna Kea, mita 4,207, theluji huanguka. Madalali hujisifia hayo: chagua mwenyewe, joto au baridi!

Wenyeji wa kale hawakuchagua, walichukua vyote. Waliikata ardhi vipande virefu kutoka mlimani hadi baharini. Chini samaki na chumvi, katikati magimbi na viazi vitamu, juu miti ya mitumbwi. Nisiwadanganye, haikuwa pepo: chifu akikuchukia alikufukuza. Lakini kuuza ardhi? Hilo halikuwapo.

Mwaka 1843 nahodha wa manowari ya Uingereza aliviteka visiwa hivyo kwa miezi mitano. Mfalme Kamehameha III akaingiwa na hofu. Washauri wake Wazungu wakamwambia ardhi yenye hati huheshimiwa hata na mtekaji. Mwaka 1848 ikagawanywa: ya mfalme, ya serikali, ya machifu. Julai 1850 mgeni akaruhusiwa kununua. Agosti ndipo ikaja sheria ya wanyonge: mkulima apate hati ya shamba analolilima kweli, na robo eka ya nyumba.

Sasa sikilizeni. Madai yalitakiwa yawe yamepelekwa kwa maandishi kabla ya katikati ya Februari 1848, yaani miaka miwili na zaidi kabla ya sheria yenyewe! Tena na mashahidi, tena na gharama za mpima ardhi. Katika eka kama milioni nne, wakulima walipata pungufu ya asilimia moja. Na hicho walichopata ni kijishamba tu. Kuni na maji waliachiwa ruhusa ya kuchukua; ruhusa, si ardhi.

Jioni nilimsimulia mama. Kiwanja chetu kina karatasi moja ya daftari, sahihi ya mjumbe na mashahidi wawili, mmoja ameshafariki. Akanyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, na wao walikuwa na mjumbe?" Nikacheka, halafu nikaacha.

Shujaa nimempeleka Puna, kusini-mashariki, ambako bei iko chini kwa sababu ya volkeno. Mwaka 2018 lava ya Kilauea iliteketeza nyumba zaidi ya 700 huko. Dalali anamwonyesha ramani na bei, anamsifia mvua. Shujaa anatoa kalamu mfukoni. Hapo ndipo nilipofika. Mama ameficha ile karatasi chini ya godoro na hataki niiguse.