Dawa za presha ya macho: kwa nini hujaribiwa kwanza kwa wanyama?

Mamilioni ya watu duniani hutia matone machoni kila siku ili wasipofuke. Wana glakoma, maradhi ambayo wengi wetu huyaita presha ya macho. Majimaji ya ndani ya jicho yasipotoka vizuri, shinikizo hupanda na linaweza kuharibu neva inayopeleka taarifa kwenye ubongo. Uwezo wa kuona ukishapotea, haurudi. Hapa tunaeleza jinsi matone hayo yanavyopimwa kabla ya kumfikia mgonjwa.

Sungura na dozi kubwa

Tuchukue mfano wa latanoprosti. Wanasayansi waliamini kwamba prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, hupandisha shinikizo la jicho, kwani ndivyo ilivyoonekana kwa sungura. Laszlo Bito, mkimbizi kutoka Hungary aliyefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, hakuridhika. Mwaka 1977 yeye na wenzake waliripoti kuwa dozi ndogo hushusha shinikizo kwa sungura haohao. Baadaye paka na nyani nao walionyesha hivyo. Latanoprosti, iliyotokana na utafiti huo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996.

Jaribio linavyofanyika

Mara nyingi jicho moja hutiwa dawa, na jingine hutiwa matone yasiyo na dawa ili kulinganisha. Shinikizo hupimwa kwa kifaa kiitwacho tonometa, kabla ya dawa na kila baada ya saa kadhaa, kwa sababu hubadilika mchana na usiku. Mnyama huzoezwa kwanza kupimwa, kwani akiogopa au akibanwa shingo, shinikizo hupanda na majibu huharibika. Watafiti huangalia pia kama jicho limekuwa jekundu au limevimba.

Mnyama si binadamu

Latanoprosti hushusha sana shinikizo kwa mbwa, lakini kwa paka haina nguvu hiyo. Kwa upande mwingine, nyani waliotiwa dawa hiyo kwa muda mrefu walibadilika rangi ya macho, ikawa ya kahawia zaidi. Baadaye jambo hilohilo lilionekana kwa baadhi ya wagonjwa.

Ndiyo maana aina moja ya mnyama haitoshi, na majaribio kwa watu hayaepukiki. Wako wanaohoji haki ya kuwatumia wanyama hivyo, na sheria za nchi nyingi hutaka idadi yao na maumivu yao vipunguzwe.