Safu ya Lugha: Upele wa korona?

Hapa mgodini Mwadui, Shinyanga, wekundu wowote kwenye vidole vya miguu bado unaitwa “upele wa korona”. Jina halifai. Korona, kutoka neno la Kilatini la taji, ni virusi. Ugonjwa ni UVIKO-19. Upele huletwa na utitiri, huambukiza, na huwasha zaidi usiku. Walichokiona madaktari wa ngozi wa Ulaya mwaka 2020 ni uvimbe wa vidole, mwekundu au wa zambarau, kama ule uletwao na baridi, ambao sisi wa Shinyanga hatuujui. Wengi wenye uvimbe huo walipopimwa hawakukutwa na virusi, na mjadala kama korona ndiyo chanzo haujaisha. Tuseme “uvimbe wa vidole”. Tusiseme “malengelenge” pia, kwani hayo yana maji ndani. Mchimbaji anayewashwa katikati ya vidole kwa buti lililolowa, mara nyingi hiyo ni fangasi, na dawa yake ipo.