Kuwaza, Kudhani na Kujua

Wapo wasemao kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa kuwa hakina neno moja linalotosha kukifasiri kitenzi cha Kiingereza "imagine". Mimi naona kinyume chake. Mwingereza hulitumia neno hilo moja kwa kazi kadhaa zilizo mbalimbali. Akijenga moyoni picha ya kitu asichokiona, hulitumia. Sisi twasema anawaza. Akisadiki jambo asilo na hakika nalo, hulitumia tena. Sisi twasema anadhani. Akitunga jambo lisilokuwapo kabisa, ni lilo hilo. Sisi twasema anabuni. Na akistaajabu, hulitamka peke yake; sisi twasema "Hebu fikiria!" Basi huo si umaskini. Lugha yetu inamdai msemaji atwambie habari yake ameitoa wapi.

Ndugu msomaji, usidhani jambo hili ni la darasani tu. Sisi tukaao Ujiji na Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, tunayo historia inayolionyesha waziwazi.

Kabla Mzungu yeyote hajaliandika kuwa ameliona ziwa hili, lilikuwa limekwisha kuchorwa. Wamisionari wawili wa Kijerumani waliokuwa wakifanya kazi upande wa Mombasa na Tanga, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waliopita njia ya kusini walisema kwamba safari huishia kwenye maji makubwa. Waliopita njia ya kati, ya Ujiji, walisema vivyo hivyo. Wa njia ya kaskazini nao kadhalika. Kila mmoja alisema kweli, kwa kuwa mmoja alifika Nyasa, wa pili Tanganyika, na wa tatu Nyanza. Lakini wale wamisionari waliyaunganisha maji yote matatu, wakachora ziwa moja kubwa mno, lililojikunja kama konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilipofika London, kati ya mwaka 1855 na 1856, ilizusha mjadala mkubwa, na ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya Burton na Speke watumwe huku. Habari za wasafiri zilikuwa za kujua; kuziunganisha kulikuwa kudhani; lakini kwenye karatasi yote yalichorwa kwa wino mmoja.

Na ajabu ni kwamba Rebmann huyohuyo, mwaka 1848, aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake mwenyewe, akaambiwa na Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa akikaa Uingereza, kwamba jambo hilo haliwezekani. Alipoona, alikanushwa, alipodhani, alisikilizwa.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, mmoja akiwa hawezi kutembea sawasawa, na mwingine macho yakiwa yamemwuma hata ziwa asilione vizuri. Walitamani sana kusikia kwamba mto Ruzizi, huko kaskazini, unatoka ziwani, maana hapo wangekuwa wamelipata chimbuko la Nili. Walipofika Uvira kwa mitumbwi, wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto huo unaingia ziwani. Hawakufika mlangoni pake. Miaka michache baadaye, Burton aliyarudia matumaini yaleyale katika mabishano yake juu ya Nili, kana kwamba wale wenyeji hawakusema kitu. Ikabidi Livingstone na Stanley watoke hapa Ujiji mwezi wa Novemba 1871, waende kuuona mto ukimimina maji yake ziwani, kama wavuvi walivyokuwa wakijua siku zote. Naam, mtu akitaka sana jambo liwe, kudhani kwake huvaa nguo za kujua.

Je, basi tuache kuwaza? La hasha! Pana mambo ambayo bila kuwaza hatuyafikii kamwe. Mtazame Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mvulana, akauzwa, akapelekwa India, na baada ya kupata uhuru akarudi Unguja. Alifika Ujiji na Burton na Speke mwaka 1858, akafika tena na Stanley mwaka 1871, na mara nyingine na Cameron mwaka 1874. Mabwana hao wote waliandika vitabu vinene. Yeye hakuacha kitabu. Ujiji ya siku zile ilikuwa soko la pembe na la watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo. Alipowaona watoto wale, yeye aliyeuzwa utotoni, moyo wake ulisema nini?

Nikisema "Alilia", nimebuni. Nikisema "Alikuwa amekwisha kuzoea", nimedhani. Lakini nikisema "Nawaza kwamba alitafuta katika nyuso zile mvulana wa umri aliokuwa nao yeye", nimesema kweli, maana nimekwambia kwamba picha hiyo ni yangu wala si ushahidi wake.

Jambo hili linatugusa sisi wa Ujiji kuliko wengine. Wengi wetu asili yetu ni Manyema, ng'ambo ya ziwa, na wazee wetu hawakuja wote kwa njia moja: wengine walikuja na biashara, wengine walikuwa wapagazi, wengine waliletwa wakiwa wamefungwa. Katika ukoo wangu imebaki habari moja tu, kwamba mama yake bibi alivushwa ziwa akiwa mtoto. Jina la kijiji chake halikutufikia. Wajukuu huniuliza alivushwa vipi, na nani, kwa mtumbwi gani. Ningeweza kuwatungia hadithi tamu ya binti wa chifu. Wangeipenda, nao wangewasimulia watoto wao kuwa ni historia ya ukoo. Au ningeweza kunyamaza, kama walivyonyamaza wengi kwa kuona haya, na hapo yule mtoto angekufa mara ya pili.

Mimi huwaambia hivi: "Ninalolijua ni kwamba alivuka. Sasa kaeni nami tuwaze." Tunawaza baridi ya usiku majini, milima ya kwao ikididimia nyuma, na lugha asiyoielewa ikisemwa ufukoni. Kisha huwakumbusha ni wapi kujua kulipokomea, ili nao wakisimulia wasipavuke mahali hapo bila kusema.

Mtoto yule hakuachiwa kijiji wala jina. Tusimwongezee uwongo; lakini kumwaza tuna deni.