Amortiseri inayofunguka na amortiseri inayotupwa

Ndugu wahitimu na wanafunzi, leo ninapenda tuongee juu ya kifaa ambacho kila mmoja wetu amekilaumu bila kukitazama: amortiseri. Ikichoka, motokari inarukaruka kama mbuzi, tairi zinalika vibaya, na breki zinakawia kushika kwa sababu gurudumu liko hewani. Huku kwetu jibu linajulikana: toa ya zamani, tupa, nunua ingine. Mimi niliyesoma mekanika nimejiuliza mara mingi: juu ya nini tunatupa? Kifaa hiki kilizaliwa ili kitupwe? Historia yake inasema hapana.

Kwanza tuelewane juu ya kazi. Watu wengi wanachanganya resori na amortiseri. Resori inabeba uzito na inameza shimo, lakini ina tabia moja mbaya: nguvu yote iliyomeza, inairudisha. Ukiiacha peke yake, gari itapanda na kushuka mara nyingi kisha ndipo itulie. Amortiseri inakamata mwendo ule na kuugeuza kuwa joto. Ndiyo maana ukiishika baada ya safari ya barabara mbaya, iko moto.

Wale wa kwanza walitumia msuguano tu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Truffault alitengeneza mikono miwili ya chuma iliyoungana kama mkasi, na katikati akabana visahani vinavyosuguana. Motokari ya Richard-Brasier, iliyoendeshwa na Léon Théry na kushinda kombe la Gordon Bennett mwaka 1904, ilivaa amortiseri za namna hiyo. Mmarekani Edward Hartford alichukua wazo lile na kuliuza kwao. Tazama vile lilikuwa rahisi: ikilegea, unakaza bulo ya katikati kwa kle. Visahani vikilika, unafungua na kuweka vingine. Hakuna siri ndani.

Kisha yakaja mafuta. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, alitengeneza amortiseri ambamo mkono unazungusha bawa ndani ya kisanduku kilichojaa maji mazito, na maji yale yanalazimika kupita katika tundu dogo. Ford aliziweka kwenye Model A, iliyotoka mwishoni mwa 1927. Zilikuwa na mahali pa kuongeza gliserini, na sindano ya kupunguza au kuongeza ugumu. Kwa hiyo hata motokari ya watu wa kawaida ilikuwa na amortiseri ambayo mwenyewe anaweza kuihudumia.

Mlango ulifungwa baadaye. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, amortiseri ndefu ya silinda, ile tunayoijua sisi sote, ilienea kila mahali. Nyingi kati yake zina tube mbili, moja ndani ya ingine, na kiwandani kichwa chake kinazibwa moja kwa moja. Sisemi kwamba ilikuwa ubaya. Ni nyepesi, bei yake iko chini, na kwenye lami inafanya kazi miaka mingi. Lakini angalia mpango ulio nyuma yake: kuna barabara nzuri, kuna duka la piese karibu, na kuna mteja anayeweza kununua tena. Mahali ambapo vitu hivyo vitatu viko, kutupa kuna maana. Mahali ambapo haviko, mzigo wote unaangukia mwenye motokari.

Tatizo la pili lilikuwa povu. Chuma kirefu kinachoingia ndani ya silinda, tuite tije, kinachukua nafasi. Mafuta hayakubali kubanwa, kwa hiyo lazima kuwe na nafasi ya gazi ndani. Lakini gazi ikichanganyika na mafuta kwa sababu ya kutikisika, inaleta povu, na povu haizuii kitu. Inginia Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alipata jibu zuri: silinda moja tu, na ndani yake pistoni ya pili isiyofungwa popote, inayotenganisha mafuta na azoti iliyobanwa kwa nguvu. Mwaka 1957, Bilstein ya Ujerumani ilianza kuzitoa kwa wingi kwa ajili ya Mercedes-Benz. Juu ya nini azoti? Kwa sababu ni kavu, haileti unyevu wala kutu, na haichomi mafuta.

Mashindano ya jangwani ndiyo yaliyofungua mlango tena. Mwaka 1967, huko Mexico, watu walikimbia kutoka Tijuana mpaka La Paz, zaidi ya kilomita 1,300, sehemu kubwa bila lami. Washindi, Vic Wilson na Ted Mangels, walitumia saa 27 na dakika 38 katika kigari chepesi cha Meyers Manx. Katika mashindano ya namna ile amortiseri za kawaida zilikuwa zinachemka na kufa njiani. Mafundi wakaanza kufunga mbili, hata tatu, kwa gurudumu moja. Baadaye wakafikia kifaa kikubwa zaidi: resori inayozunguka amortiseri yenyewe, na pembeni chupa ya kuongeza mafuta na gazi. Wanaosema Kifaransa wanaiita kombine. Na kwa sababu mkimbiaji hawezi kutupa kifaa cha bei kali kila baada ya shindano, kombine ile ilitengenezwa ifunguke.

Kuifufua kunafuata njia moja. Unabana resori kwa chombo chake, pole pole, kwa sababu resori iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua mtu. Unatoa gazi yote kupitia vali, kisha ndipo unafungua kichwa. Mafuta yakiwa meusi au kama maziwa, unajua: joto au maji. Unapitisha ukucha juu ya tije. Mkwaruzo mdogo tu unatosha kukata mpira mpya wa kuziba. Kwenye pistoni kuna rondele nyembamba za chuma, zimepangwa kwa ukubwa. Hizo ndizo zinaamua ugumu. Unazipanga juu ya meza sawa vile zilivyotoka, unapiga picha, hauchanganyi hata moja. Unaweka mipira mipya na mkanda mpya wa pistoni, unajaza mafuta ya uzito unaofaa, unatoa hewa mpaka hakuna povu hata moja, unarudisha pistoni ya kutenganisha kwa kimo kilichoandikwa, na mwisho unatia azoti. Chuma kinabaki kilekile. Kilichobadilika ni mipira na mafuta.

Turudi kwetu. Land Cruiser za serie 70 tunazoziona kila siku zina malame nyuma, na tangu 1999 zile nzito zina resori mbele, lakini amortiseri inasimama peke yake. Hilux tangu kizazi cha 2004 zina resori na amortiseri pamoja mbele, ila nyingi kutoka kiwandani zimezibwa. Na wako mafundi wanaotoboa amortiseri iliyozibwa, wanatia mafuta yoyote yaliyo karibu, kisha wanachomelea tundu. Wengine wanawacheka. Mimi siwacheki, kwa sababu wanauliza swali la Truffault: juu ya nini nisifungue? Lakini lazima tuseme ukweli: amortiseri ya gazi yenye silinda moja inaweza kuwa na presha ya bar 20 hadi 30, mara kumi au zaidi ya tairi ya gari ndogo. Kuitoboa au kuichoma moto ni kucheza na kifo. Na mafuta ya injini hayakutengenezwa kwa tundu zile.

Kwa hiyo kinachokosekana kwetu ni nini? Mikono iko. Akili iko. Kinachokosa ni chupa ya azoti na manometa yake, mipira ya kuziba ya kipimo cha kweli, na mtu mmoja anayeweza kusoma mchoro na kuwaeleza wenzake kwa lugha wanayoielewa. Huyo mtu wa mwisho ni sisi. Mhitimu anayekaa nyumbani akingoja kazi ya ofisi, na fundi anayetoboa chuma chenye presha bila kujua, kila mmoja ameshika nusu ya kazi moja.

Na wale wanaonunua motokari kwa shirika au kwa familia, siku muuzaji anapoonyesha amortiseri mpya, wamuulize kitu kimoja mbele ya bei: hii inafunguka? Kama inafunguka, mipira yake inapatikana wapi? Jibu lake litawaambia kama wananunua kifaa cha miaka kumi, ama cha msimu mmoja wa mvua.