Spineli hupita Mikumi ikiwa ghafi

Anayetoka Mahenge na spineli mfukoni, akiitafuta barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa, hupita Ifakara na Kidatu, kisha hutokea Mikumi. Mwaka 2007, pale Ipanko karibu na Mahenge, yaliibuka mawe makubwa ajabu ya spineli, mojawapo la kilo 52 hivi. Sehemu kubwa ilikuwa na nyufa na ukungu, ila vipande safi vilivyotolewa humo vilisisimua wanunuzi wa Bangkok na Ulaya. Muda mfupi baadaye watu wakamiminika Winza, wilayani Mpwapwa, wakifuata rubi. Kata ya Kisanga na wilaya yote ya Kilosa ziko katikati ya neema hizo mbili, na mawe ya pande zote mbili huondoka yakiwa ghafi.

Mawe hayo huishia wapi? Mengi huenda kwenye karakana za Thailand na India. Lakini yapo machache yanayofika kwenye meza ndogo ndani ya nyumba ya mtu, mwalimu mstaafu au fundi umeme labda, anayekata vito kwa sababu anapenda. Historia ya watu hawa ni fupi, nami naona inatuhusu.

Kwa karne nyingi ukataji ulikuwa siri ya ukoo na ya chama cha mafundi. Shanga za akiki zilizochongwa nyuso bapa zilitoka Khambhat, Gujarat, zikavuka bahari hadi Kilwa, lakini ufundi wenyewe ulibaki hukohuko. Idar-Oberstein, Ujerumani, mawe ya kunolea yaliendeshwa kwa nguvu ya mto, na baba akamrithisha mwanawe. Kufuli lilianza kulegea mwaka 1919, Marcel Tolkowsky, mtoto wa ukoo wa wakata almasi wa Ubelgiji, alipochapisha hesabu za pembe zinazofanya almasi ing'ae. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wakaanza kujiundia mashine ndogo nyumbani. Jarida lao, Lapidary Journal, lilianza mwaka 1947, na mwaka 1955 John Sinkankas, ofisa wa jeshi la wanamaji, akatoa kitabu kilichomfundisha yeyote mwenye subira. Tangu hapo ufundi ukawa wa kila atakaye.

Na kazi yenyewe ni tamu. Jiwe hubandikwa kwa nta kwenye kijiti cha chuma, likashushwa juu ya sahani inayozunguka, yenye unga wa almasi na maji yanayodondoka. Kila uso hukatwa kwa pembe yake, kisha kijiti huzungushwa hatua kadhaa na uso unaofuata hukatwa. Upande wa chini ndio unaoamua yote. Kwa spineli, nyuso kuu za chini zikilala kwa pembe ndogo kuliko nyuzi 35 hivi, mwanga hupenya na kutokea nyuma, na katikati ya jiwe panaonekana tundu lisilo na uhai, mithili ya dirisha. Ziinue hadi nyuzi 41, mwanga unarudi machoni na jiwe linawaka. Tanzanaiti ina mtihani wa ziada: huonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, hivyo mkataji huligeuza jiwe na kuligeuza tena kabla hajaligusa kwa sahani. Tena hupasuka kirahisi. Spineli ni pole zaidi, ina rangi ileile kila upande na ugumu wake ni 8.

Gharama ya ukataji ni kupoteza. Almasi ya waridi ya Mwadui, iliyopatikana mwaka 1947 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi; ilipokatwa London ilibaki na 23.6. Karakana ya biashara huogopa hasara hiyo, ikaacha jiwe zito lenye dirisha. Anayekata kwa mapenzi hukubali jiwe lipungue ili liwake, na ndiyo maana baadhi ya mawe bora kabisa hutoka kwenye meza za nyumbani.

Kwetu ukataji umeingia kwa mlango wa kiwanda na wa sheria. Iringa ilipata kiwanda cha almasi cha Tancut, ambacho baadaye kilisimama. Serikali ikazuia tanzanaiti ghafi kubwa zisisafirishwe nje ya nchi, na Arusha kikajengwa Kituo cha Jemolojia kinachofundisha ukataji. Miongoni mwa wahitimu wake wa mwanzo walikuwamo wanawake wengi. Nafurahia hayo yote. Ila bado tunamfundisha mtu akate kwa ajili ya soko tu, na soko halimpi nafasi ya kuharibu mawe mia moja huku akijifunza.

Natamani mashine moja iwekwe Mikumi, kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA kwa mfano, ifunguliwe jioni kwa yeyote wa kata za Kisanga, Ulaya (ya Kilosa, si ya ng'ambo) au Kidodi. Mashine nzuri ni dola elfu kadhaa, sawa, lakini hudumu miaka mingi. Mawe ya kuanzia si lazima yanunuliwe Mahenge. Kwarzi safi, ugumu 7, inatosha. Nyuso za chini zikatwe kwa nyuzi 42 au 43, na ikiharibika, mwanafunzi ananyoosha mkono na kuchukua nyingine.